Fahamu: Vibadala vya sukari na kazi yake jikoni

Tangu Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotoa waraka wa kuwanasihi watu wasitegemee vibadala vya sukari, kama aspatemu, sukralosi na stivia, kwa ajili ya kupunguza uzito, wengi wamedhani kwamba vimeharamishwa. Kumbe nasaha ile haikuwahusu waliokwisha kupatwa na kisukari, wala haikusema kwamba kidonge kimoja katika kikombe cha chai ni sumu.

Taabu hasa ni katika kuoka. Sukralosi, ambayo utamu wake wakadiriwa kufika mara 600 ya sukari, yaweza kuitia keki utamu lakini haiwezi kuijaza, kwa kuwa gramu 200 za sukari zilizoondolewa huacha pengo lisilozibika kwa chembe chache. Tena sukari ndiyo iliyokuwa ikihifadhi unyevu, ikiifanya siagi ishike hewa inapokorogwa, na kuupa uso wa keki rangi ya hudhurungi. Kwa rai yangu, aliye mzima ni aula aipunguze sukari kuliko kuibadili. Aspatemu, aghalabu, hupoteza utamu wake katika moto wa tanuri. Na mkate wa kumimina, ambao hamira yake hula sukari, ukinyimwa kabisa huchelewa kuumuka.