Tulinde Lango la Ini

Ndugu askari, ini nalo lina lango lake: mshipa mkubwa uletao damu kutoka utumbo na wengu. Ini likijaa makovu kwa sababu ya pombe au virusi vya homa ya ini, damu hupita polepole na yaweza kuganda langoni humo.

Dawa za kuzuia kuganda zipo. Lakini mishipa ya umio iliyovimba ikipasuka, mgonjwa huvuja damu hata kufa. Kwa hiyo tabibu hutazama umio kwanza, ndipo atoe dawa, aghalabu kwa miezi 6 au zaidi.

Desemba 2018 Serikali mjini Kigali ilitangaza vita dhidi ya homa ya ini ya C, ambayo vidonge vya majuma 12 huponya wengi. Basi tukapimwe sasa, makovu yangali mbali. Tahadhari kabla ya hatari!