Kabla ya Kumshuku Mlinzi wa Bwawa

Kamba wa bwawani wakipungua, nani hulaumiwa kwanza? Mlinzi! Tumeona kikundi kikikaribia kuvunjika kwa shuku za namna hiyo. Wizi upo, ndiyo, lakini wakati mwingine kamba wamelana wenyewe. Hebu tueleze.

Gamba la kamba ni gumu, halitanuki. Ili akue ni lazima alivue, kama nyoka anavyofanya. Saa ya kujivua huamuliwa na homoni, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza na kuzipitisha katika damu ili kupeleka amri.

Homoni ya kwanza hutoka kwenye vile vijiti vinavyoshika macho ya kamba. Kazi yake ni kuzuia, kana kwamba inasema, "Bado, ngoja." Ikipungua, tezi mbili zilizo upande wa kichwa hupata nafasi ya kutoa homoni ya pili, iitwayo ekdisoni. Hii ndiyo inayoamuru gamba livuliwe. Gamba jipya, laini, huwa limejitengeneza chini ya lile la zamani. Kamba hunywa maji, huvimba, gamba kuukuu hupasuka naye akatoka, mara nyingi usiku.

Siri ya macho ilianza kujulikana mwaka 1905. Mtaalamu wa Marekani, Charles Zeleny, aliona kwamba kaa waliokatwa vijiti vya macho walijivua gamba mapema kuliko wenzao.

Sasa hatari ni hii: kamba aliyejivua ni laini kama mnofu mtupu. Mkubwa huhitaji siku moja au mbili kukauka gamba. Wenzake wenye njaa wakimkuta, basi, kwisha!

Kwa hiyo tunashauri:

1. Msijaze kamba kupita kiasi. Wakibanana, walio laini hawana pa kukimbilia.
2. Walisheni vya kutosha. Lakini anayejivua hali, kwa hivyo chakula kikibaki, punguzeni kisije kikaoza.
3. Mkiona magamba matupu mengi, msivue siku hiyo. Kamba laini huumia, na wanunuzi huwakataa.

Na huyo mlinzi mpeni daftari. Kila asubuhi azunguke bwawa na kuandika kama ameona magamba. Siku ya mkutano, fungueni daftari kwanza kabla ya kufungua midomo.