Safari za Nchi Kavu (3): Herufi na Bendera Nyuma ya Gari

Askari wa barabarani akisimamisha gari la kigeni, mara nyingi huzunguka nyuma kabla ya kumfikia dereva. Anataka kujua gari limetoka wapi ndipo aamue atazungumza lugha gani na ataomba karatasi zipi. Namba peke yake haimsaidii. Namba inayoanza na T inaeleweka Segera na Makambako, lakini ikifika Windhoek ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosema kitu. Hapo ndipo inapohitajika ile stika nyeupe ya umbo la yai, yenye herufi nyeusi, ambayo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki huidhania kuwa pambo la watalii. Kumbe ni takwa la mikataba ya kimataifa, na bendera haiwezi kushika nafasi yake, hata iwe nzuri namna gani.

Sehemu mbili zilizotangulia za mfululizo huu zilihusu karatasi: kibali cha forodha na bima ya Kadi ya Njano. Zamu hii ni ya vitu vinavyobandikwa kwenye bodi la gari, na historia yake inapita karibu kabisa na nyumbani. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akakata bara kuelekea magharibi, akafika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki mwezi Mei 1909. Njiani hakukuwa na wa kumuuliza herufi za nchi yake. Sehemu kubwa ya njia hata barabara haikuwapo. Miezi mitano baada ya yeye kufika, tarehe 11 Oktoba 1909, wajumbe wa serikali mbalimbali walitia saini mjini Paris mkataba uliolitaka kila gari linalovuka mpaka libebe kibao cha umbo la yai nyuma yake, upana sentimita 30 na kimo sentimita 18. Ndani yake ziliandikwa herufi moja au mbili: F ya Ufaransa, D ya Ujerumani, GB ya Uingereza.

Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mara kadhaa. Mikataba inayotajwa leo ni ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968, ambao Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao. Yote miwili inaruhusu hadi herufi tatu.

Herufi za Afrika Mashariki ni kongwe kuliko uhuru. EAK ya Kenya, EAU ya Uganda na EAT ya Tanganyika zimekuwapo tangu 1938, nchi zote tatu zilipokuwa chini ya Uingereza na zikihesabiwa kama eneo moja. Zanzibar nayo ina yake, EAZ. Uhuru ulileta bendera mpya, nyimbo mpya na sarafu mpya, ila herufi za magari hazikuguswa. Burundi hadi leo imeandikishwa kwa RU, mabaki ya Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, ilhali Rwanda ilikwenda zake na RWA. Afrika Kusini inabeba ZA, kifupi cha jina lake la Kiholanzi.

Ni hapa wasafiri wengi wanapokosea. Dereva anakwenda kwa mchapaji wa stika na kuagiza TZ au KE, kwa kuwa ndizo herufi anazoziona kila siku kwenye anwani za intaneti. Hizo ni za orodha nyingine kabisa, na orodha ya magari iliyo Umoja wa Mataifa haizitambui. Vipimo navyo hupuuzwa. Mkataba wa Geneva unataka kila herufi iwe na kimo kisichopungua sentimita 8 na mistari yenye unene wa sentimita 1. Yai la herufi tatu lisipungue sentimita 24 kwa 14.5. Stika ndogo zinazouzwa kama mapambo, zilizotiwa picha ya twiga au mlima katikati, hazifikii vipimo hivyo.

Nani anajali sentimita? Katika nchi nyingi, pengine hakuna. Lakini dereva aliye kilomita elfu tatu kutoka kwao hana sababu ya kumpa askari asiye na nia njema kosa la bure, tena kosa lililoandikwa kwenye sheria.

Herufi hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana. Tarehe 28 Septemba 2021 Uingereza iliacha GB na kuchukua UK, na madereva wa Kiingereza waliokuwa wakivuka kwenda Ulaya bara wakatakiwa kuzing'oa au kuzifunika stika zao za zamani. Kabla ya jirani yake kukubali kuitwa Makedonia Kaskazini mwaka 2019, Ugiriki ilikuwa ikifunika kwa stika herufi MK kwenye magari ya nchi hiyo yalipoingia kwake, kwa sababu haikulitambua jina lenyewe.

Mfano mzito zaidi ni wa Serbia na Kosovo. Serbia haiitambui Kosovo kuwa nchi, kwa hiyo kwa miaka mingi gari lenye namba za Kosovo, zilizoandikwa RKS, lililazimika kuvaa namba za muda ili liingie Serbia. Septemba 2021 Kosovo ikaanza kuyatenda vivyo hivyo magari ya Serbia. Waserbia wa kaskazini mwa Kosovo walifunga kwa malori barabara za kwenda vituo vya mpakani vya Jarinje na Brnjak, na askari wa NATO wakapelekwa huko. Makubaliano yaliyofikiwa Brussels tarehe 30 Septemba yalikuwa ya stika: kila upande ufunike alama za taifa la mwenzake kwenye namba za gari, kisha gari lipite. Watu waliendelea kubandika na kubandua mpakani hadi mwanzoni mwa Januari 2024, utaratibu huo ulipoondolewa.

Zambia nayo imeingia katika jambo isilolianzisha. Herufi yake ni Z, na madereva wa Tunduma wanaijua vizuri. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Z imekuwa alama ya wanaoiunga mkono vita hiyo. Latvia na Lithuania zilipiga marufuku kuionyesha hadharani, na majimbo ya Bavaria na Lower Saxony nchini Ujerumani yalitangaza kwamba wanaoitumia kushabikia vita watashtakiwa. Mzambia anayeendesha gari lake huko ana haki kamili ya kubandika herufi aliyopewa na mkataba. Afanye hivyo kwa yai la vipimo halali, karibu na namba ya gari, na kadi ya gari iwe jirani. Z kubwa ya mapambo kwenye boneti aiache nyumbani.

Sasa bendera. Bendera inayopepea kwenye kijiti mbele ya gari ina maana yake kisheria. Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kibalozi wa 1961, ibara ya 20, unampa mkuu wa ubalozi haki ya kutumia bendera ya nchi yake kwenye chombo chake cha usafiri. Mkataba wa 1963 unampa konsuli haki kama hiyo awapo kazini. Nchini Kenya, sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa inawataja viongozi wanaoruhusiwa kupeperusha bendera kwenye magari yao, na raia wa kawaida hayumo. Tanzania inazilinda nembo zake kwa Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10. Zile bendera za plastiki za siku ya mechi, zinazobanwa kwenye kioo cha mlango, zinafaa njia ya kwenda uwanjani. Mpakani zishushwe, gari lisije likadhaniwa la mwenye hadhi asiyokuwa nayo.

Stika ya bendera ni jambo jingine, na watu wana sababu nzuri za kuipenda. Lori linaposimama Kapiri Mposhi na dereva akaiona bendera yake kwenye gari la mbele, salamu huanza hapo hapo, na habari za barabara, za mizani na za bei ya dizeli hufuata. Ila ibandikwe kwa heshima. Desturi inayofuatwa kwenye ndege na magari ya kijeshi ni kwamba ule upande wa bendera ulio karibu na mlingoti uelekee mbele ya gari, kana kwamba bendera inapepea kwa upepo wa mwendo. Kwa bendera ya Kenya, yenye sura ileile kulia na kushoto, hilo halisumbui. Ya Uganda ina korongo anayetazama upande wa mlingoti: ubavu wa kulia ukibandikwa stika ya kawaida, ndege huyo anatazama nyuma. Ya Tanzania ni ngumu zaidi. Kwenye mlango wa kulia inahitaji stika iliyochapwa kinyume, ili pembetatu ya kijani ikae juu upande wa mbele na ule mstari mweusi upande kutoka chini mbele kwenda juu nyuma.

Wapo wanaokusanya bendera za nchi walizopita na kuzipanga chini ya milango. Bendera ya Saudi Arabia ina shahada, na mahali panaporushiwa matope na kukanyagwa mtu anapopanda gari si mahali pake. Mwaka 2007, huko Khost, Afghanistan, watu waliandamana baada ya askari wa Marekani kugawa mipira yenye bendera mbalimbali, ya Saudi Arabia ikiwamo, kwa kuwa maneno yale matukufu yangepigwa mateke. Anayekwenda Oman na nchi za Ghuba kwa gari aiweke juu, kwenye kioo, au asiiweke.

Ubandikaji wenyewe hautaki haraka. Bodi lisuguliwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, stika ishushwe kuanzia ukingo mmoja huku ikikandamizwa kwa kadi ya plastiki, gari likae kavu usiku kucha. Mayai ya sumaku ni rahisi kuhamisha, lakini hayashiki kwenye Land Rover Defender, ambayo bodi lake ni la alumini. Na wanaovuta tela wakumbuke kwamba herufi za gari zinafichwa nalo: tela linahitaji yai lake nyuma, hata kama yule aliyeliazimisha hakusema.