Utando nyuma ya jicho: Picha kwanza, kisu baadaye

Wengi wetu tunaovuka mpaka kila wiki, tukiona macho yanafifia hukimbilia miwani. Miwani ikishindwa tunasema ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho asipoonekana tunasema ni uzee. Upo ugonjwa mwingine ambao si lolote kati ya hayo. Ni utando unaoota juu ya retina, ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho, inayopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo.

Mimi niliufahamu kupitia kwa shangazi yangu, aliyerejea nyumbani kutoka Karagwe mwaka 1996 na ambaye huuza vitenge Rusumo. Alianza kulalamika kwamba mistari ya vitenge imepinda na nguzo ya umeme iliyo mbele ya duka ina nundu. Akifumba jicho la kushoto, nguzo inanyooka. Miwani mipya haikusaidia kitu, kwa kuwa retina yenyewe ilikuwa imekunjamana kama kitambaa kilichovutwa uzi.

Utando huu huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50. Kadiri umri unavyosonga, ute unaojaza jicho hujibandua kutoka kwenye retina, na seli zinazobaki huweza kufanya utando. Kisukari, jeraha na kuchanika kwa retina pia huuleta.

Daktari hakumpeleka shangazi moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Kwanza alimpiga picha iitwayo OCT, ambayo ufundi wake ulitangazwa na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na wenzao mwaka 1991. Mashine hiyo haitumii eksirei bali mwanga. Mgonjwa huegemeza kidevu, hutazama alama, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Haiumi. Picha inayotoka huonyesha tabaka za retina kana kwamba imekatwa katikati kama mkate.

Daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta akatuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kishimo kidogo kilicho katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea. Katika jicho la kushoto la shangazi kishimo kilikuwa kimejaa, na retina imevimba. La pili ni pale utando ulipong'ang'ania na pale ulipoachana na retina. Penye mwanya ndipo koleo la daktari linaweza kuanza kushika bila kujeruhi. La tatu ni mstari wa seli zinazopokea mwanga. Ukiwa mzima, matumaini ni makubwa. Ukiwa umekatika, hupungua. Wa shangazi ulikuwa mzima.

Lililonishangaza zaidi ni jicho la kulia. Nalo lilikuwa na utando, lakini mwembamba, na kishimo kipo. Daktari akasema jicho hilo lisiguswe, ila lipigwe picha tena baada ya miezi kadhaa. Mgonjwa mmoja, macho mawili, uamuzi wa aina mbili!

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji kwa ganzi. Hutobolewa matundu matatu ya nusu milimita hivi, ute hutolewa, rangi ya buluu hutiwa ili daktari aone vizuri, kisha utando humenywa. Hatari zipo: maambukizi na kubanduka kwa retina ni nadra, lakini huweza kupofusha. Aidha, mtoto wa jicho huja upesi baada ya upasuaji huu. Kuona hurudi polepole, pengine hadi mwaka mzima, na mistari mara nyingi hainyooki kabisa. Shangazi sasa anasoma risiti zake, ingawa nguzo imebaki na kinundu kidogo.

Kwa sisi watu wa mpakani nina mawili ya kuongeza. Kwanza, omba nakala ya picha za macho yote mawili, zikiwa na tarehe, uzitunze pamoja na hati zako za kusafiria. Ukihamia hospitali ya nchi nyingine, daktari mpya atalinganisha ya jana na ya leo ajue kama utando unakua. Pili, baadhi ya wagonjwa huwekewa gesi ndani ya jicho. Gesi hiyo hutanuka mtu anapopanda juu, ikaongeza shinikizo na kuweza kuua jicho. Aliyetibiwa Dar es Salaam, kando ya bahari, asipande ndege wala basi la kuja Kigali, zaidi ya mita 1,500 juu, kabla daktari hajamruhusu.

Leo jioni fumba jicho moja, tazama fremu ya mlango, kisha badilisha. Ikipinda, nenda ukapimwe. Ukiona vimulimuli au kitu kama pazia likishuka, usingoje siku ya gulio ipite. Nenda siku hiyo hiyo.