Chumba Kinachopumua

Akina mama wengi huamini kwamba chumba hakipendezi mpaka kijazwe. Hapa Pemba, msimu wa karafuu ukiwa mzuri, hununuliwa makochi makubwa, kisha kabati la vyombo, kisha mapazia mazito. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, wapita kwa ubavu kama kaa!

Mafundi wa zamani wa pwani hawakuwaza hivyo. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe, Unguja, zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zilitosha upana wa mita 3 hivi tu. Chumba cha namna hiyo hakivumilii vitu vingi. Basi katika nyumba za wenye uwezo huko Lamu mapambo yalipelekwa ukutani, kwenye zidaka za chokaa zilizopangwa safu juu ya safu, zikiwekwa sahani za Kichina na vitabu. Sakafu ikabaki wazi, na weupe wa chokaa ukasambaza mwanga kutoka uani.

Wachache kati yetu tuna zidaka. Lakini fikra yenyewe haihitaji nyumba ya mawe: chagua kitu kimoja cha kupendeza macho, vingine vitulie. Hapa kwetu kitu hicho ni mkeka wa ukindu, uliotiwa rangi, ukasukwa ukili na kushonwa. Utandike penye sakafu safi na ukuta mweupe, hautaki mwenzi. Uweke kati ya mapazia ya maua na zulia la maua, hauonekani. Sielewi kwa nini twauficha uvunguni, tukanunua plastiki.

Mama msomaji, Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika kwamba baada ya hewa safi mgonjwa huhitaji mwanga, na kwamba vitu vizuri na rangi humsaidia kupona. Kwa hiyo weka kitanda mahali upepo unapofika. Acha nafasi ya kutundika chandarua, pindo zake zichomekwe chini ya godoro bila kubanwa na kabati. Pazia liwe jepesi, la kufuliwa mara kwa mara. Vumbi la pazia zito mtoto mwenye pumu hulijua kabla yako.

Na lile kabati? Lihamishie ukumbini. Pigilia ubao mmoja ukutani. Vikombe sita vya harusi yako vitaonekana kuliko thelathini vilivyorundikwa.