Bunduki ya nyumbani: yale ambayo video haionyeshi

Juzi nilikuwa katika karakana moja ya kukereza vyuma hapa Mombasa, nikingojea shafti ya mashua ya shemeji yangu. Kijana anayeshika mashine pale, barobaro wa miaka ishirini na kitu na mwenye mkono mzuri, akanitolea simu yake. "Ami, hebu mwangalie mzee huyu." Kwenye video alikuwepo Mmarekani mwenye mvi, ndani ya banda la kuwekea gari, anakereza mtutu wa bunduki. Chuma kinang'aa, mafuta yanadondoka, mzee anapiga mluzi. Mwisho anatoka nje, analenga shabaha, anapiga. "Mashine yake ni ndogo kuliko yetu hii," kijana akasema. "Wallahi hata mimi naiweza."

Nilimjibu kwa mkato: achana na mambo hayo. Nilipofika nyumbani nikajuta, kwa sababu ukimjibu hivyo kijana mwenye akili ni kama umemwambia akajaribu. Mimi mwenyewe nina diploma ya ufundi wa mitambo na nimesimama mbele ya mashine ya kukerezea miaka kadhaa kabla ya kuingia katika uandishi. Najua utamu wa chuma kinapotii mkono. Kwa hivyo leo namjibu kwa urefu, yeye na wenziwe, maana najua si yeye peke yake anayezitazama video hizo.

Kwanza, mzee yule hakuitengeneza bunduki yote. Karibu wote wenye kufanya mchezo huu Marekani hununua sehemu mbili ngumu zaidi kutoka kiwandani. Moja ni mtutu ambao tayari umechongwa mifuo ndani. Ya pili ni kile chuma cha katikati ambacho mtutu unaingia kwa mbele na komeo linatembea ndani yake, kufunga na kufungua. Kazi ya nyumbani ni kuviunganisha viwili hivyo, kuchonga nafasi ya kukaa risasi, na kuvipandisha juu ya mti uliochongwa vizuri, mara nyingi mti wa jozi. Ni kazi kubwa ya ustadi, sikatai. Lakini video ya dakika kumi na tano humfanya mtazamaji aamini kwamba mzee alianza na kipande cha bomba.

Mchezo wenyewe una historia. Baada ya Vita Vikuu vyote viwili, bunduki nyingi za kijeshi, hasa Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, zilifika Marekani, nyingine mikobani mwa askari waliorudi, nyingine zikiuzwa kwa bei ya chini. Watu wakazichukua, wakazikata mbao nzito za kijeshi, wakazitia mtutu mpya, zikawa bunduki za kuwindia kulungu. Huko ndiko walikotoka mafundi wengi wa mabandani. Wengine leo hawawindi kabisa, wanashindania shabaha tu: risasi tano kutoka yadi 100, yaani mita 91, na anayesogeza matundu yake karibu zaidi ndiye mshindi. Bunduki nzuri ya kawaida hutoboa matundu ambayo sarafu yetu ya shilingi 20 inakaribia kuyafunika yote. Ya washindani huachia tundu moja tu lenye kingo zilizochakaa, na wao hubishana kuhusu unene wa unywele.

Siri ya shabaha hiyo ni ile mifuo ya ndani ya mtutu. Imezunguka kama ngazi ya mnara, na risasi ikipita hulazimika kuzunguka nayo. Kila mtoto aliyecheza pia anaelewa kwa nini: pia inayozunguka kwa kasi husimama wima, ikichoka hulewa na kuanguka. Chukua mtutu ambao mfuo wake unamaliza mzunguko mmoja kila inchi 10, na risasi inayotoka kwa mwendo wa mita 820 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata mizunguko zaidi ya 3,200 kwa sekunde, au zaidi ya 190,000 kwa dakika. Ndiyo maana mtutu uliopinda kidogo tu, au nafasi ya risasi isiyokaa sawasawa na mifuo, huitupa risasi kando.

Kukosa shabaha hakuui mtu, lakini. Kinachoua ni presha.

Gurudumu la gari lako limejazwa upepo wa presha ya pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba. Ndani ya bunduki ya kisasa ya kuwindia, baruti ikishika moto, presha hufika pauni 60,000. Ni mara elfu mbili ya gurudumu, na inatokea sentimita chache kutoka jicho la mpigaji na shavu lake likiwa limelala juu ya mti. Kitu kinachoizuia isirudi nyuma ni lile komeo na ganda la shaba ambalo halina nguvu ya peke yake. Ganda lazima liegemee chuma kila upande. Nafasi baina ya mgongo wa ganda na uso wa komeo ikizidi, shaba hunyooka na kukatika, na moto unatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji. Kuzidi huko ni kwa kiasi gani? Mafundi huwa na vipimo viwili vya chuma, kimoja komeo lazima lijifunge juu yake, cha pili lazima likatae. Tofauti baina ya viwili hivyo mara nyingi ni milimita 0.1 au 0.15. Karatasi moja ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi.

Huenda mtu akaniambia mababu zetu walitengeneza gobori kwa tupa na nyundo. Kweli walizirekebisha, na bunduki zilipita Unguja kwa maelfu karne ya 19. Lakini gobori lilikula baruti nyeusi, ambayo presha yake ni ndogo mno ukilinganisha na hii ya leo. Baruti isiyotoa moshi iliingia jeshini mwaka 1886 na bunduki ya Kifaransa ya Lebel, na tangu hapo ufundi wa nyundo ukabaki nyuma. Chuma chenyewe kikawa sayansi.

Kisa ambacho ningependa kila mkerezaji akijue ni cha kiwanda cha serikali ya Marekani kule Springfield, Massachusetts. Kilitengeneza bunduki ya jeshi iliyoitwa M1903. Ule mwili wa chuma ulipashwa moto ili uwe mgumu, na mafundi walipima joto kwa jicho: chuma kikifika rangi fulani, wanakitoa. Walikuwa watu wa uzoefu wa miaka. Mwaka 1917 bunduki zikaanza kupasuka mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba jicho linadanganywa na mwanga. Siku ya jua kali, chuma chekundu huonekana kimefifia, fundi anakizidisha moto, na chuma kilichozidishwa huwa cha kuvunjika kama kigae. Siku ya mawingu, kilekile kinaonekana kimeiva. Mwaka 1918 wakaweka vipimo vya joto na wakabadilisha njia yao. Zile za kabla, zenye namba chini ya 800,000, hadi leo wanaozikusanya huambiwa wasizipigie risasi. Nazo zilitoka kiwandani, kwa mafundi wanaolipwa na serikali, si bandani.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo video inapodanganya zaidi. Marekani, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, mtu asiyezuiliwa kumiliki silaha anaweza kujitengenezea bunduki ya matumizi yake mwenyewe bila leseni, mradi asiifanye biashara. Hata huko kuna mipaka. Mtutu wa bunduki ukiwa chini ya inchi 16 unahitaji kibali cha serikali kuu kwa sheria ya 1934. California inataka kila bunduki ya nyumbani ipewe namba. Na kuhusu zile sehemu zinazouzwa tayari kuunganishwa, serikali iliweka kanuni mwaka 2022, na Mahakama ya Juu ikaikubali Machi 2025. Mzee wa mluzi anayajua haya yote. Hayasemi tu kwenye video kwa sababu watazamaji wake wa jirani wanayajua pia.

Kwetu hali ni nyingine kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayemiliki silaha awe na cheti, na anayetengeneza awe amesajiliwa. Hakuna kifungu cha "najitengenezea mwenyewe". Tena sheria haingoji bunduki ikamilike: sehemu ya bunduki nayo inahesabiwa. Mtutu mmoja kwenye mfuko wa kijana ni kesi, na adhabu yake ni miaka jela. Uwindaji nao ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hivyo hata kisingizio cha kulungu hakipo. Sisi wa Pwani tunajua pia msako unavyoingia mtaani na nani anayebaki akizunguka vituo na mkoba wa nguo akiuliza mwanawe yuko wapi. Hakimu hatamuuliza kama ilikuwa ni mapenzi ya ufundi tu.

Nilirudi karakana Jumamosi kuchukua shafti. Nilipima mwenyewe kwa maikromita. Alikuwa ameikosa kwa milimita 0.02 tu mahali pa beringi, na hilo ni zuri mno kwa mashine ya umri ule. Nikamhadithia kisa cha Springfield tukiwa tunakunywa chai. Alinyamaza kidogo, akaweka kikombe, akaenda mlangoni anapopashia patasi zake moto kabla ya kuzizamisha kwenye mafuta. Akatazama juu, jua linaingia lote pale.

"Ami," akaniambia, "zile ninazopasha asubuhi hazivunjiki. Za saa saba ndizo wateja wananirudishia."