Uteuzi na Matumizi ya Kifaa cha Kuigiza Amplifaya: Mahitaji ya Mpigaji Gitaa wa Goma

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa gitaa mjini Goma hujifunza kwa lugha zaidi ya moja. Mafunzo huyapata kwa Kiswahili, nyimbo nyingi azipigazo zimetungwa kwa Kilingala, na maelekezo ya vifaa vyake yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Makala hii inaeleza kifaa kimojawapo kati ya hivyo, yaani kile cha kidijitali kinachoigiza amplifaya za gitaa. Hoja yake ni kwamba kifaa hicho kichaguliwe, na matumizi yake yafunzwe, kwa kuanzia nafasi ya gitaa katika bendi, wala si kwa kuanzia wingi wa sauti zilizomo ndani yake.

2. Jinsi kifaa kinavyofanya kazi

Amplifaya ya gitaa haikuzi sauti tu, bali huibadili pia. Katika amplifaya ya vali, mawimbi yanapozidi nguvu, vilele vyake hukatwa, na hapo ndipo unapozaliwa ukwaruzo unaopendwa na wapigaji wa roki. Spika nayo huchuja: ile ya gitaa hufifiza sana mitetemo inayozidi takriban 5,000 kwa sekunde. Kifaa cha kuigiza hupima mkondo utokao katika gitaa mara 44,100 au zaidi kwa sekunde, kisha hukokotoa jinsi amplifaya na spika fulani zingeubadili. Roland VG-8 ilitolewa mwaka 1995, na Line 6 POD ikafuata mwaka 1998. Baadaye uwezo huo uliingizwa katika vifaa vidogo vya kukanyagwa kwa mguu, kama vile Boss GT-1 na Zoom G1 Four.

3. Kuchagua

Rumba ya Kongo, ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, hugawa kazi kwa magitaa kadhaa: la kusindikiza, la solo, la besi, na mi-solo ambayo hukaa kati ya usindikizaji na solo. Franco Luambo (1938–1989) na Docteur Nico (1939–1985) walijulikana kwa upigaji ambamo kila noti husikika wazi. Katika sebene magitaa haya hujibizana kwa kasi. Moja likijaa ukwaruzo, hufunika mengine, na mi-solo ndiyo hupotea kwanza.

Kwa sababu hiyo, kifaa kisipimwe kwa idadi ya amplifaya kinazoziiga. Kipimwe kwa ubora wa zile chache zenye sauti safi, hasa zinazofuata mfano wa Fender Twin Reverb na Roland JC-120. Mnunuzi apige mwenyewe, kwa gitaa lake ikiwezekana, na asikilize kama noti za haraka zinatengana.

Jambo la pili ni umeme. Kukatika kwa umeme si jambo geni Goma, hivyo kifaa kinachokubali betri kina faida kubwa. GT-1 na G1 Four zote hutumia betri nne ndogo. Anayenunua adapta mbadala hana budi kulinganisha mambo matatu na maandishi ya kifaa: volti, uwezo wa ampea, na upande wa chanya na hasi. Upande ukigeuzwa, kifaa kinaweza kuungua.

4. Kujifunza

Sauti zilizopangwa kiwandani aghalabu hukusudiwa kumvutia mnunuzi dukani, na nyingi hujaa ukwaruzo na mwangwi. Mwanafunzi aanze kwa kuzima kila kitu, abakize amplifaya moja safi na spika yake. Nguvu ya kuingiza sauti iwe ndogo, na besi ipunguzwe ili kumwachia nafasi mpiga besi. Kisha aongeze kompresa kidogo, ambayo husawazisha noti kali na dhaifu.

Mwangwi hufuata, na hapa istilahi inahitaji uangalifu. Neno hilo moja hubeba mambo mawili yanayotenganishwa na kifaa: mvumo wa ukumbi, na mrudio wa noti baada ya muda maalumu. Mwalimu anaweza kusema “mwangwi wa ukumbi” na “mwangwi wa kurudia”. Muda wa mrudio hupatikana kwa kugawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa mapigo 120, pigo moja huchukua milisekunde 500, na nusu pigo 250. Mrudio usiolingana na mapigo huvuruga sebene badala ya kuipamba.

Hatua ya mwisho ni kuunganisha. Kifaa kinapochomekwa moja kwa moja katika miksa ya ukumbini au kanisani, uigaji wa spika uwashwe, kwani spika za ukumbi hazichuji kama ile ya gitaa. Usipowashwa, sauti hukwaruza masikio. Kinapochomekwa mbele ya amplifaya ya gitaa, uzimwe, la sivyo sauti huchujwa mara mbili na kuzibika. Aidha, sauti iliyopangwa chumbani kwa kunong’ona isiaminiwe jukwaani, kwa kuwa sikio husikia besi hafifu pale sauti inapokuwa ndogo, na mpigaji huiongeza kupita kiasi. Ni vyema ipangwe upya kwa ukubwa wa onyesho, bendi nzima ikipiga, kisha ihifadhiwe katika kumbukumbu ya kifaa.

5. Hitimisho

Kifaa kilichobuniwa kwa kuzingatia muziki wa kwingine kinaweza kuitumikia rumba, mradi mpigaji ajue anachokitaka na aweze kukitaja. Mwanafunzi asiye na jina la kasoro anayoisikia hawezi kuiulizia. Hubaki akizungusha vitufe. Istilahi za Kiswahili zinazoeleweka baina ya mwalimu na mwanafunzi ni sehemu ya mafunzo yenyewe, na ukusanyaji wa zile ambazo wanamuziki wa Goma tayari wanazitumia ni kazi inayostahili kufanywa na wanafunzi wa lugha.